Vueni hedifoni tumboni, mpeni mama nusu saa yake

Leo simtaji mtu jina. Mkianza kutaja wenyewe huko, mimi simo.

Kuna staa wetu mmoja wa kike, yule ambaye akikohoa tu simu zetu zote zinalia. Ana kitumbo, Mungu amjalie ajifungue salama, hapo sina neno. Majuzi katupia picha za ujauzito wake: kavaa gauni jeupe la kuburuza, kakaa kwenye kochi la bei mbaya kule upande wa bahari, na tumboni kavalisha hedifoni kubwa kama za ma-DJ. Maelezo yake yanasema mtoto anasikilizishwa Mozart saa mbili kila siku ili azaliwe kichwa. Akamalizia kwamba mjamzito mwenye stresi kajitakia mwenyewe, kwa sababu muziki upo na ni bure. Siku tatu baadaye huo muziki wa bure ukawa na bei. Sh 60,000, unatumiwa nyimbo kumi na mbili na sauti yake akikwambia vuta pumzi, toa pumzi.

Nikanyamaza. Nikasema ugali wa mtu usiumwagie mchanga. Mpaka juzi nipo saluni Tandika, pembeni yangu kuna binti anasukwa, mimba ya miezi sita hivi, jioni anauza mihogo ya kukaanga na chachandu. Ananigeukia: "Dada, samahani, hivi hizi earphone za buku tano nikizibandika tumboni zinafanya kazi, au mpaka zile kubwa?" Na ile elfu sitini kumbe ameshaanza kuichanga. Elfu sitini ya mihogo, jamani. Hesabuni ni sahani ngapi hizo.

Ndio maana leo naandika, na povu ruksa.

Kwanza niseme ninachokubali, maana najua wale mashabiki wake wanakuja mbio. Muziki unasaidia mjamzito. Sibishani na hilo hata kidogo. Mwaka 2008 kuna watafiti wa Taiwan, mji wa Kaohsiung, walichapisha kazi yao waliyofanya na wajawazito 236. Wengine waliendelea na kliniki yao kama kawaida, wengine wakapewa CD za nyimbo tulivu, zikiwemo bembelezi za watoto na sauti za maji na ndege, wakaambiwa wasikilize nusu saa kwa siku kwa wiki mbili. Wale wa CD stresi ilishuka, wasiwasi ukashuka, na mawazo mazito yakapungua. Shirika la Afya Duniani nalo, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2018 kuhusu huduma wakati wa kujifungua, limeuweka muziki pamoja na mazoezi ya kupumua kwenye orodha ya vitu vya kumsaidia mama mwenye afya njema anayetaka kupunguziwa maumivu ya uchungu, kama mwenyewe anapenda.

Sasa rudini pale Taiwan muangalie vizuri. Nani alisikiliza? Mama. Kwa masikio yake. Nani alipimwa stresi? Mama. Hakuna aliyevalishwa kitu tumboni. Na kitu kingine ambacho watu wanakipita haraka: ili usikilize nusu saa, lazima uwe na nusu saa.

Hapo ndipo ugomvi wangu na huyu dada ulipo. Yeye anauza nyimbo. Nyimbo hazijawahi kuwa tatizo Mbagala, nyimbo tunazo mpaka zinatutoa roho. Nusu saa ndiyo hatuna.

Lakini ngoja nimalizane na Mozart kwanza, maana huu uongo una umri mkubwa kuliko wengi wenu mnaonisoma. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walichukua wanafunzi 36 wa chuo, watu wazima wenye ndevu zao, wakawasikilizisha Mozart dakika kumi kisha wakawapa mafumbo ya kukunja na kukata karatasi kichwani. Wakafanya vizuri kidogo kuliko walipokaa kimya. Faida yenyewe ilidumu kama robo saa, ikaisha. Basi! Hakukuwa na mjamzito pale, hakukuwa na kichanga, na hakuna aliyepimwa akili za maisha. Lakini habari ikatembea ikanenepa njiani kama umbea wa kibarazani, mpaka mwaka 1998 gavana wa jimbo la Georgia akaomba dola 105,000 za bajeti ili kila mtoto anayezaliwa jimboni apelekwe nyumbani na muziki wa kizungu wa zamani. Wanasiasa ni walewale kila mahali. Mtoto wako hatazaliwa profesa kwa sababu ya kinanda. Akizaliwa profesa ni vingine vimefanya.

Je, mtoto anasikia akiwa tumboni? Anasikia. Kuanzia karibu mwezi wa sita anaanza kushtukia sauti. Na hapa kuna utafiti mmoja ninaoupenda kuliko yote kwa sababu unatuhusu sisi watu wa tamthilia. Mwaka 1991, mtafiti mmoja wa Belfast alichukua vichanga vya siku mbili hadi nne ambavyo mama zao, wakiwa wajawazito, walikuwa hawakosi tamthilia ya Neighbours. Akawapigia ule wimbo wa kuanzia. Watoto wakatulia, macho yakawa kodo, mapigo ya moyo yakashuka. Wimbo wanaujua! Wale ambao mama zao hawakuwa wakiiangalia, wala habari hawana. Yaani wewe unayekesha na tamthilia za Kituruki, mwanao anajua saa ya kuanza kabla hajakujua sura. Lakini sikilizeni na mwisho wake: walipopimwa wakiwa na siku 21, watoto ambao hawakuusikia tena wimbo ule tangu wazaliwe, kumbukumbu yenyewe haikuonekana tena. Wiki tatu tu. Na hao mama hawakubandika kitu tumboni, walikaa kwenye kochi na runinga yao.

Kuhusu zile hedifoni za tumboni, wataalamu wa usikivu wa vichanga kule Marekani walishashauri zaidi ya miaka 20 iliyopita kwamba vifaa vya sauti visibandikwe tumboni moja kwa moja. Kule ndani mtoto ana muziki wake tayari: moyo wa mama, tumbo linavyonguruma, na sauti ya mama mwenyewe inayompitia mwilini. Hajaomba DJ. Kwa hiyo binti wangu wa mihogo, zile earphone za buku tano weka masikioni kwako, sauti ya chini, na elfu sitini nunulia vitu vya kujifungulia.

Sasa nakuja kwenye kitu ambacho nimekaa nacho muda mrefu bila kusema.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, anakaa Charambe. Mimba yake ya kwanza, mwezi wa nane, akaanza kuumwa kichwa. Kichwa kisichoachia. Uso ukaanza kumvimba, pete ikagoma kutoka kidoleni. Kila mtu pale nyumbani akawa daktari. Stresi hiyo. Mawazo hayo, mume wake hana kazi. Pumzika, usiwaze. Na mimi, mjuaji wa mjini, nikamtumia nyimbo. Nilimtumia na bando kabisa. Nikamwambia funga dirisha, zima taa, sikiliza sauti za mvua, utatulia. Akalala kwenye chumba cha giza siku mbili anasikiliza mvua niliyomtumia mimi.

Usiku wa tatu akaanza kuona maruweruwe, kama vimulimuli mbele ya macho, na maumivu chini ya mbavu upande wa kulia. Aliyemuokoa si mimi. Ni mama mwenye nyumba, bibi wa watu ambaye hajui hata kufungua simu janja. Alipita uani kuchota maji, akamuona uso, akasema huyu mtoto ana kifafa cha mimba huyu, iteni bajaji. Alipopimwa presha ilikuwa 170 kwa 110. Akachomwa sindano, akahamishiwa hospitali kubwa, mtoto akatolewa mapema akiwa na kilo 1.9. Wote wawili wazima leo, namshukuru Mungu. Lakini kama bibi yule angelala mapema siku ile, msiba ule ungekuwa na mkono wangu.

Kwa hiyo mnaponiona nakuwa mkali na huyu staa, mjue nimeshafanya ujinga uleule anaoufanya yeye, bila hata kulipwa.

Nawaomba hapa msome polepole. Kuumwa kichwa sana kusikoisha, kuona giza au vimulimuli, kuvimba uso na mikono ghafla, maumivu juu ya tumbo upande wa kulia, na mimba imeshapita miezi mitano: hakuna muziki hapo. Si Mozart, si mvua, si kaswida, si injili. Ni kituo cha afya, saa hiyohiyo, hata saa nane usiku, hata kama juzi tu ulikuwa kliniki wakakwambia uko sawa. Damu kutoka ni hivyohivyo. Mtoto kupunguza kucheza ni hivyohivyo. Tatizo la kila kitu kuitwa stresi ni kwamba presha haina sauti, inajificha humohumo kwenye neno hilo. Na mtu akisema laivu mbele ya maelfu kwamba mjamzito ukijisikia vibaya weka wimbo utulie, kuna msichana mahali fulani Buza au Tegeta ataweka wimbo, atulie, na asiamke.

Tumetoka mbali kama nchi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, ule wa 2022 ukasema 104. Namba hiyo haikushushwa na nyimbo. Ilishushwa na watu kwenda vituoni, dawa kuwepo, damu kuwepo, na manesi wasiolala. 104 bado ni wengi, na kila mmoja ana mama yake.

Kuna mwingine sitamtaja pia, kaka mmoja wa kuchekesha watu redioni asubuhi, yule mwenye kicheko kama jenereta. Yeye alidakia hoja akasema wanawake wa siku hizi wanadeka, bibi zetu walizaa kumi na hawakujua stresi ni nini. Kaka, kaa chini tuongee.

Bibi yako akibeba mimba ya kwanza, hapa Pwani, alirudi kwao kujifungua. Kulikuwa na mama yake, shangazi, bibi yake, na somo yake aliyemfunda. Wali alipikiwa, maji alichemshiwa, mgongo alikandwa, na akishajifungua kuna arobaini zake hagusi jembe. Na nyimbo zilikuwepo humo ndani tele. Wazaramo na Wandengereko wa huku kwetu Temeke wana ngoma kwa kila hatua ya maisha ya mwanamke. Marehemu Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki mwaka 2013, dunia ilimjua kwa taarab lakini kazi yake nyingine kubwa ilikuwa unyago, kuwafunda wasichana kwa ngoma na nyimbo mambo ya ndoa na mwili wao. Nyimbo zilikuwa njia ya wanawake wakubwa kukaa na mwanamke mdogo, kumwambia mambo, kumchekesha na kumuona. Kumuona usoni kama amevimba.

Sasa mjukuu wa bibi yako huyo yuko chumba kimoja cha kupanga Mbagala Kuu. Mama yake yuko Lindi. Mume anatoka alfajiri na bodaboda ya mkataba, akirudi hajafikisha hesabu, hasira zote anakuja nazo ndani. Kuna mkopo wa kausha damu alichukua kuongezea mtaji wa vitenge, na yule mdada wa marejesho anakuja kila Ijumaa anakaa mlangoni mpaka majirani wote wajue. Maji yanatoka siku mbili kwa wiki, anabeba ndoo na tumbo lake. Halafu unamwambia anadeka! Shirika la Afya Duniani linasema kwenye nchi zinazoendelea karibu wajawazito 16 katika kila 100 wana matatizo ya afya ya akili, zaidi sonona, na baada ya kujifungua wanafika karibu 20. Hao hawadeki. Hao ni majirani zako. Mmoja wao pengine ni mke wako, na hajakwambia kwa sababu utamchekesha nayo redioni.

Na kama mnataka kuona muziki ukitumika kwa akili, msiangalie kochi jeupe, angalieni Gambia. Kule kuna vikundi vya wanawake wanaitwa Kanyeleng. Ni wanawake waliopata shida ya uzazi, wengine walikosa watoto, wengine walifiwa na watoto, na jamii imewapa kazi ya kuimba, kutania, kucheza na kusema yale ambayo wengine wanaona haya kuyasema. Watafiti wakashirikiana nao: wajawazito wakawa wanakutana na Kanyeleng mara moja kwa wiki kwa wiki sita, wanaimba pamoja, nyimbo nyingine wametungiwa zinazohusu mimba na kuomba msaada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliokuwa kwenye vikundi dalili za msongo na huzuni zilipungua kuliko wenzao ambao hawakuwemo. Hakuna hedifoni. Hakuna elfu sitini. Wanawake, ngoma na nafasi ya kukaa.

Niambieni nini kinatushinda hapa. Mtaa gani wa Temeke hauna mama wa taarab, mama wa vikoba, kwaya ya kanisani, wanawake wa madrasa na kaswida zao? Siku ya kliniki wajawazito wanakaa kwenye mabenchi kuanzia saa moja asubuhi, wanasubiri, wananuniana, kila mtu na simu yake. Saa tatu nzima zinaliwa na ukimya pale. Mngewapa kiongozi mmoja wa kuimbisha, akawafundisha dalili za hatari kwa wimbo, wangetoka pale wanaimba hata kwenye daladala. Sisi ni watu ambao mistari ya singeli iliyotoka jana tunaijua leo asubuhi. Dalili tano za hatari zitatushinda?

Ndio, nimesema singeli, na hapa najua nachokoza nyuki wa mtaa mwingine.

Mimi mtoto wa uswahilini, singeli ni yetu. Ilizaliwa huku Tandale, Manzese na mitaa hiyo, mtoto wa mchiriku wa miaka ya 90 na vile vinanda vya Casio vya Mwananyamala. Leo inapigwa mpaka matamasha ya Ulaya, na naona fahari. Sina shida na kasi yake, na mjamzito akiipenda aisikilize, maana wale wa Taiwan hawakusema Mungu kashusha aina moja tu ya muziki wa kutuliza. Mtu anatulizwa na anachokipenda. Nina shangazi mimba zake zote alizipitisha na Msondo Ngoma, ile bendi iliyoanza kama NUTA Jazz mwaka 1964, na akikaa na redio yake jikoni hakuna wa kumgusa.

Shida ni kigodoro cha saa tisa usiku. Masabufa manne yamepangwa barabarani, turubai limefunga njia, MC anapiga kelele mpaka bati za nyumba zinatetemeka, na kwenye chumba cha tatu kutoka hapo kuna mwanamke wa miezi tisa amelalia ubavu wa kushoto, hajapata usingizi tangu juzi. Shirika la Afya Duniani linasema chumba cha kulala kisizidi desibeli 30 ili mtu apate usingizi wa maana. Desibeli 30 ni mnong'ono. Huku kwetu hata kufuli la mlango linacheza. Vigodoro vimepigwa marufuku na wakubwa mara kibao, NEMC imeshafungia mabaa ya mji huu kwa kelele, na bado Ijumaa ikifika mambo ni yaleyale kwa sababu mjumbe naye kaalikwa na amekaa meza ya mbele.

Halafu cha kuchekesha, yule staa wetu wa Mozart nyimbo zake ndizo zinazopigwa pale saa tisa usiku. Hedifoni za utulivu ni za mtoto wake. Sabufa ni za watoto wetu. Na ukimsema anakuja na neno moja tu: wivu.

Basi anifanyie kitu kimoja, kwa kuwa ana sauti kubwa kuliko serikali ya mtaa. Aseme laivu: wanangu, ikifika saa nne usiku zimeni, kuna wajawazito. Sekunde kumi tu. Ataokoa usingizi mwingi kuliko nyimbo zake kumi na mbili, na bei yake ni sifuri.

Kuna jambo moja bado, na hili nawaambia wanaume zaidi. Mwongozo uleule wa 2018 uliotaja muziki umetaja kitu kingine kwa nguvu zaidi: kila mama wakati wa uchungu awe na mtu aliyemchagua mwenyewe pembeni yake. Hapa kwetu wodi nyingi za leba unaingia peke yako, ndugu wanabaki nje na kapu la chai. Sababu naijua, vitanda vimebanana, mapazia hamna, mama wa watu wako uchi. Lakini Kigoma walijaribu. Kati ya 2016 na 2018 vituo kadhaa kule viliruhusu mama kuingia na mwenza wa kujifungua, mara nyingi mama yake au dada yake, na akina mama waliokuwa na mtu walisema wamehudumiwa vizuri zaidi na wameridhika zaidi. Kigoma, jamani. Wangapi kati yetu wa Dar tunajiona tumeendelea kuliko Kigoma?

Ukitaka kujua muziki wa leba ukoje, ni huo. Mama yako anakukanda kiuno huku anaguna wimbo usio na maneno. Nesi akikuambia umefika sentimita nane, kuna mtu mwingine anayesikia.

Yule mdogo wangu wa Charambe alinifundisha jambo kule hospitali. Mtoto wa kilo 1.9 alibebwa kifuani, ngozi kwa ngozi, wiki kadhaa. Aliniambia usiku wodi ikiwa kimya, akimwimbia kidogo tu, sauti ya chini, mtoto anaacha kuhangaika na ananyonya. Nikadhani ni maneno ya mama mpya. Baadaye nikaja kukutana na utafiti wa Marekani wa mwaka 2013, watoto njiti 272 kwenye hospitali 11, ambapo nyimbo za kubembeleza zilizochaguliwa na wazazi wenyewe ziliwasaidia vichanga mapigo ya moyo na kunyonya, na stresi za wazazi nazo zikashuka. Wimbo wenyewe aliokuwa anaimba mdogo wangu ulikuwa wa tangazo la sabuni. Ndio pekee aliokuwa anaukumbuka.

Sasa ana mimba ya pili, mwezi wa saba. Safari hii presha inapimwa kila kliniki, na daktari kamuanzishia dawa mapema kwa sababu ya yaliyotokea. Bibi mwenye nyumba ndiye amegeuka somo wake, kila jioni anamuweka kwenye mkeka uani, miguu juu ya stuli, anamwangalia vifundo vya miguu na uso huku anamwimbia nyimbo za Kizaramo ambazo nusu yake hata yeye mwenyewe kasahau maana. Mume kazuiwa kumuita ndani mpaka bibi amalize. Inachukua kama nusu saa.

Ijumaa iliyopita nilikuwepo. Bibi yuko katikati ya wimbo, sabufa ya kigodoro cha jirani ikaanza kujaribiwa, moja mbili, moja mbili. Bibi akanyamaza, akachukua mkongojo wake, akavuka barabara. Alichokwenda kusema sikukisikia, lakini moja mbili ikakatika pale pale, na yule kijana wa spika akaja nyuma yake kamshika mkono kumsaidia kuruka mtaro.